Mara Ngapi Leo, Mama?



Mama zangu, dada zangu na binti zangu mnaousoma ukurasa huu, makala haya nimekaa nayo moyoni zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuthubutu kuyaandika. Kilichonizuia ni haya. Jambo ninalotaka kulieleza ni la tumboni na la msalani, na sisi watu wa pwani tumelelewa tusiyataje mambo hayo mbele za watu. Stara ni pambo la Muislamu, wala sikukusudia kuivunja. Lakini nimejifunza, na mafunzo hayo yalinigharimu, kwamba kujistiri ni jambo moja na kuyaficha maradhi mpaka yakuangamize ni jambo jingine.

Mwaka 2014, nilipokuwa na umri wa miaka 27 na mtoto mmoja anayejifunza kutembea, nilianza kuona damu kila niendapo haja. Nikasema ni bawasiri, itapita. Haikupita. Ikaja pamoja na msokoto wa tumbo, na haja ya ghafla isiyosubiri, mara nane, mara kumi kwa siku. Sikumwambia mume wangu, sikumwambia mama yangu. Nilikijua kila choo kilichoko baina ya Mji wa Kale na shule niliyokuwa nikisomesha, na njia isiyokuwa na choo sikuipita. Miaka miwili nilikaa na siri hiyo, hata siku niliyoanguka mbele ya wanafunzi wangu kwa upungufu wa damu.

Daktari alinipima kwa mrija mwembamba wenye kamera, kisha akayapa maradhi yangu jina: kolaitisi ya vidonda. Ni maradhi ambayo utando wa ndani wa utumbo mpana hufura na kufanya vidonda. Hayaambukizi, wala hayatokani na uchafu au pilipili za achari, kama nilivyokuwa nikijilaumu. Nilitibiwa kwa dawa kwa miaka mitano. Wako wagonjwa wengi ambao dawa huwatosha umri wao wote, na nawaombea wawe wengi zaidi. Mimi hazikunitosha. Mwezi wa Juni 2021 nililazwa nikiwa na kilo 41, na madaktari wa Nairobi wakatuambia, mimi na mume wangu, kwamba utumbo mpana umekwisha haribika, na kwamba usipotolewa waweza kupasuka.

Upasuaji wangu ulikuwa wa awamu tatu. Katika awamu ya kwanza waliutoa utumbo mpana, na ncha ya utumbo mwembamba ikatokezwa upande wa kulia wa tumbo. Tundu hilo huitwa stoma. Choo hutoka hapo bila ya hiari ya mtu, kikaingia katika mfuko ulionatishwa juu ya ngozi. Awamu ya pili, miezi sita baadaye, nilipokuwa nimepata nguvu, wakakitoa kipande cha mwisho cha utumbo mpana kilichosalia, wakaukunja mwisho wa utumbo mwembamba kwa mfano wa herufi J, wakaushona ukawa kifuko, kisha wakakiunganisha na njia ya haja ya asili. Kifuko hicho ndicho kinachochukua kazi ya kuhifadhi choo mpaka mtu afike msalani. Kwa kuwa mshono wake huhitaji muda wa kupona, stoma ilibakia miezi mitatu mingine. Awamu ya tatu, mwezi wa Machi 2022, ikafungwa.

Njia hii si ngeni katika utabibu. Madaktari Parks na Nicholls wa hospitali ya St Mark's, London, waliitangaza mwaka 1978, na mwaka 1980 daktari Utsunomiya wa Japani akaeleza umbo hili la J, ambalo ndilo linalotumika zaidi hivi leo. Kabla ya hapo, wengi waliotolewa utumbo mpana wote walibakia na mfuko hadi kufa kwao. Kwa hivyo, nilipoambiwa kuwa mimi nitavuliwa mfuko, nilipaswa kushukuru. Lakini shukrani ilikuwa mbali nami wakati ule.

Sasa niwaeleze jambo lililoniumiza zaidi ya kisu. Wiki sita baada ya upasuaji wa kwanza sikuswali. Siku za mwanzo nilikuwa sijitambui, na hizo zina udhuru wake. Zilizofuata nilikuwa najitambua sana. Niliutazama ule mfuko, nikaona choo kikiingia ndani yake niketipo, nilalapo, hata niinuapo mikono. Nikajiambia: mtu wa namna hii atasimamaje mbele ya Mola wake? Mume wangu alipokuwa akitandika mswala, nilimwambia niko katika siku zangu. Wiki ya tatu akanyamaza, kwa maana hesabu hiyo hata mwanamume aijua.

Aliyenitoa katika shimo hilo ni bibi aliyenisomesha Kurani chuoni nilipokuwa mdogo. Alipanda ngazi za nyumba yetu kwa taabu, akaketi kando ya kitanda, akanisomea dua. Kisha akauliza:

"Na swala je, mwanangu?"

Nikalia. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nimebeba najisi. Haikatiki usiku wala mchana."

Akanishika mkono. "Sote twaibeba, mwanangu. Yetu i ndani, yako imewekwa nje. Wewe umeichukua kwa kutaka?"

"La, mwalimu."

"Basi ni nani aliyekwambia Mola wako hakutaki?"

Akanikumbusha habari ya Fatima binti Abi Hubaysh, yule mwanamke wa zama za Mtume wetu (S.A.W.) aliyekuwa akitokwa na damu ya ugonjwa isiyokatika, akaenda kuuliza kama aache swala, akaambiwa asiiache. Akanikumbusha pia Imran bin Huswayn (R.A.), aliyekuwa na bawasiri, akaruhusiwa aswali kwa kadiri awezavyo: akishindwa kusimama aketi, akishindwa kuketi alale ubavu. "Hawa," akasema, "ni maswahaba, na hawakuona haya kuuliza. Wewe umeona haya ya nini?"

Kisha akanifundisha kama alivyokuwa akinifundisha zamani, hatua kwa hatua. Wakati wa swala ukishaingia, niumwage mfuko, nisafishe na nifunge vizuri. Nitie udhu, kisha niswali faradhi bila ya kuchelewa. Kikitoka kitu nami ndani ya swala, niendelee. Swala ya faradhi inayofuata nitie udhu mwingine. Hivyo ndivyo wanavyofundisha wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii kwa mtu ambaye hadathi yake haikatiki. Na kila mwenye hali kama hiyo amuulize mwanachuoni anayemwamini, maana hali za wagonjwa hutofautiana. Ninachowaomba ni kuwa aulize. Mimi nilijitolea fatwa mwenyewe, nikajinyima wiki sita za swala ambazo nilikuja kuzikidhi moja moja.

Nilipofungwa stoma mwezi wa Machi 2022, nilidhani safari imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilianza. Kazi kubwa ya utumbo mpana ni kufyonza maji na chumvi, kwa hivyo asiyekuwa nao choo chake huwa chepesi. Na kifuko kipya ni kama mtoto mchanga, hakijajua kazi yake. Wiki ya kwanza nilikwenda msalani mara 16 kwa siku, nne kati ya hizo usiku wa manane. Majimaji ya utumbo mwembamba ni makali, yakanichoma ngozi mpaka nikawa naogopa kuketi. Nilijifunza kujiosha kwa maji ya vuguvugu, kujikausha kwa kitambaa laini bila ya kusugua, na kupaka malhamu ya zinki kila mara. Hapo ndipo nilipozidi kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa mafundisho yetu ya kustanji kwa maji, kwani karatasi ingenichubua.

Nilifundishwa pia kuikaza misuli ya chini na kuilegeza, mara nyingi kwa siku, ili irudishe nguvu ya kuzuia. Nilitumia dawa ya kupunguza mwendo wa utumbo kwa kipimo nilichopewa na daktari. Katika chakula, wali, ndizi mbivu na viazi vilinifaa, maana huzidisha uzito wa choo. Mbaazi zilinijaza gesi, na mahindi ya kuchoma na njugu niliambiwa niziache kwanza, kwa kuwa huweza kuziba njia iliyo bado nyembamba. Kosa langu kubwa lilikuwa la maji. Nilikunywa madafu kutwa, nikiamini kuwa nimejitibu, na bado miguu ikinikaza na kichwa kikiniuma. Daktari akanieleza kwamba dafu ni zuri, lakini chumvi niliyokuwa nikiipoteza ni kidogo mno ndani yake. Alinipa pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji, zile wanazopewa watoto wanaoharisha, na kwa siku mbili tu nikasimama sawa.

Binti yangu wakati huo alikuwa na miaka tisa. Alinikuta siku moja nikihesabu kwa vidole, akaenda kuleta daftari lake la hesabu lililobakia kurasa. Akalichora mistari: tarehe, mchana, usiku, chakula. Kila jioni akitoka madrasa, kabla hata ya kuvua mtandio, huniuliza, "Mara ngapi leo, mama?" Mara ya kwanza niliona haya kumjibu mwanangu. Yeye hakuona haya yoyote. Kwake yeye lilikuwa swali kama kuuliza bei ya nyanya. Tukaandika: 16, 15, 15, 13. Mwezi wa tatu tukafika kumi. Daftari hilo ninalo hadi leo, na daktari wangu alilisoma kwa makini kila nilipokwenda kwake.

Mwezi wa Julai 2022 dada yangu wa Likoni alikuwa na akika ya mwanawe. Nikasema lazima niende, nimechoka kuwa mgonjwa. Mume wangu alinisihi tungoje. Sikumsikia. Foleni ya kivuko ilikuwa ndefu, jua kali, watu wamebanana. Tulipokuwa katikati ya maji, tumbo likanikata, na mwili ukanisaliti. Enyi ndugu zangu, buibui langu lilinistiri na macho ya watu, lakini nilitamani bahari inifunike.

Pembeni yangu alisimama mama mmoja nisiyemjua, ana kapu la samaki miguuni. Alinitazama usoni, akafahamu. Hakuuliza neno. Alivua leso yake ya juu, akanifunga kiunoni kama amfungaye binti yake, akasema kwa sauti ya chini, "Ngoja watu watangulie, dada. Ushuke pole pole." Kivuko kilipofika, alikwenda zake na kapu lake, wala sikupata hata kuuliza jina. Mwenyezi Mungu amstiri duniani na akhera.

Akika sikuifika. Nilirudi nyumbani, na mwezi mzima sikutoka mlangoni. Nilimwambia mume wangu kwamba afadhali ule mfuko. Na kweli wako watu ambao kifuko cha ndani hakiwafai, wakarudi kwenye mfuko wa nje na wakaishi kwa raha. Hilo si kushindwa. Lakini mimi nilisema kwa kukata tamaa, bila ya kupima.

Dada yangu alikuja akiwa amekasirika. Alidhani nimemdharau. Nikaona mambo mawili mbele yangu: nimpoteze dada, ama nimwambie. Nikamwambia yote, tangu damu ya mwaka 2014. Alilia, kisha akanigombeza: "Ulitaka nije kukusomea khitma ndiyo nijue?"

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika. Dada yangu hakuwatangazia watu, lakini kila penye shughuli alihakikisha nimekaa karibu na mlango, choo kiko wazi na kina maji, na sahani yangu haina mbaazi. Hakuna aliyeniuliza kwa nini sili hiki, au kwa nini nimetoka mara tatu. Enyi wenye wagonjwa majumbani, huo ndio msaada mkubwa kuliko dawa: nafasi, maji, na kutoulizwa mbele za watu. Mwezi wa Novemba nilivuka tena kwenda Likoni. Nilikula kidogo asubuhi, nikabeba nguo za kubadilisha, kitambaa, malhamu, na ile leso. Sikuhitaji kuifungua. Lakini kujua kuwa imo mkobani kulinitosha kuwa na utulivu.

Na jambo jingine lilitokea. Jirani yangu, aliposikia kidogo tu ya habari yangu, alinijia usiku akanieleza kwamba mwanawe wa miaka 19 anaona damu mwaka mzima na amekataa kwenda hospitali. Niliomba ruhusa nizungumze na kijana huyo nyuma ya pazia. Nilimweleza yaliyonipata bila ya kuficha. Wiki hiyo akapelekwa kwa daktari. Yeye, alhamdulillah, amewahi. Anatumia vidonge na anaendelea na masomo. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kuandika makala haya.

Kuhusu Ramadhani: ile ya mwaka 2022 ilinikuta mwezi mmoja tu baada ya kufungwa stoma, na daktari alinikataza kufunga. Sikubishana naye. Mwezi wa Januari 2023, kwa idhini yake, nilijaribu kufunga siku moja moja. Ramadhani iliyofuata nikafunga siku 19. Nilifuturu kwa chakula kidogo, nikala tena baada ya isha, nikanywa maji ya chumvi na sukari taratibu mpaka usiku, na daku nikaichelewesha. Siku nilizoona kizunguzungu na mkojo kuwa mzito, nilifungua bila ya kujilaumu, na nimezilipa.

Nisiwadanganye kuwa yote ni mepesi sasa. Mwishoni mwa mwaka 2023 nilishikwa na homa, tumbo likauma, hesabu ikapanda ghafla kutoka sita hadi kumi na mbili. Nilidhani maradhi yamerudi. Kumbe ni uvimbe wa kifuko, jambo linalowapata wengi wenye kifuko hiki, na dawa za kuua bakteria za wiki mbili zikautuliza. Tena, kwa dada zangu ambao bado wana hamu ya kuzaa: muulizeni daktari mapema kabla ya upasuaji wa kifuko, kwa kuwa makovu ya ndani ya nyonga yaweza kuchelewesha mimba. Na kuhusu unyumba, nitasema hili tu: mume mwenye subira ni tiba, na mke asimwache mumewe akisie yale anayoweza kuambiwa kwa upole.

Watu huniuliza, "Je, umerudi kuwa kama zamani?" Zamani ipi? Ile ya kabla ya 2014 imepita, nami nina miaka mingine. Ile iliyofuata, ya kujificha, sitaki kuirudia. Nilicho nacho leo ni mara sita mchana na mara moja usiku, darasa langu la asubuhi, na samaki wa kupaka siku ya Ijumaa. Najua lini ninywe, lini nipumzike, na ni nani wa kumwambia nikiumwa. Haya ndiyo maisha yangu ya kawaida, na nayapenda.

Ramadhani iliyopita nilikwenda kuswali tarawehe msikitini kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne. Nilisimama safu ya mwisho, karibu na mlango wa wanawake. Baada ya rakaa nane nilihitaji kutoka. Zamani ningeenda moja kwa moja nyumbani. Nilitoa ile leso mkobani, nikaiacha pale nilipokuwa nimesimama, nikamnong'oneza mama aliye jirani yangu, "Niwekee nafasi, narudi." Akaitikia kwa kichwa. Nilipomaliza kutia udhu nikarudi, nafasi yangu ilikuwa pale pale, na mama yule alikuwa ameisogeza leso kidogo ili isikanyagwe. Nikapanga mguu wangu na wake, tukafunga swala.

Nyumbani binti yangu alikuwa amenisubiri. Amekuwa mkubwa sasa, na daftari tumeliacha. Lakini usiku ule aliuliza tena, kwa kutabasamu, "Mara ngapi leo, mama?"

Nikamwambia, "Rakaa ishirini, mwanangu."

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie kustiriana bila ya kufichana. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.